Jamu Aliyorudishiwa Bibi Doroti

Walthamstow, Jumamosi alasiri

Mwanangu Faraja,

Baba yako amekuchukua mkaenda Tooting kununua iliki, mdalasini na unga wa sembe, kwa sababu ameshaamini moyoni mwake kwamba huko kaskazini unakokwenda watu wanakula viazi vya kuchemsha asubuhi na jioni. Aliniuliza kama nakuja, nikasema nimechoka. Sikuchoka hata kidogo. Nilitaka meza ya jikoni iwe yangu peke yangu kwa muda mrefu, na kwenda Tooting kutoka hapa na kurudi, ukiongeza na baba yako kuzungumza na yule mwenye duka wa Mwanza kuhusu mpira, ni muda mrefu.

Sitakuandikia habari ya soksi nzito wala ya kupima gesi kabla ya kusaini mkataba wa nyumba. Hayo baba yako atakuambia kesho ndani ya gari, na utamsikiliza, maana kwenye barabara kuu hutakuwa na pa kukimbilia.

Nakuandikia barua hii kwa Kiswahili nikijua vema kwamba masikio yako ni mepesi kuliko macho yako katika lugha hii. Basi isome kwa sauti, polepole. Nitaiacha juu ya sanduku lako, na nataka uimalize kabla hatujaenda kanisani kesho. Ukikwama neno njoo uniulize. Nitakuwa chumba cha pili nikijifanya sina habari.

Juzi Alhamisi, ulipokuwa unapanga vitabu kwenye maboksi, uliniuliza swali bila kuinua kichwa, kwa Kiingereza chako cha huku mashariki ya London: "Mama, unanituma, au naondoka tu?" Nikakuambia ngoja, sufuria inaungua. Hapakuwa na sufuria jikoni. Hata jiko lilikuwa limezimwa.

Mimi, Faraja, mwanamke aliyejibizana na maaskofu, aliyeandikiwa na mhariri mmoja kwa adabu zote kuombwa apumzike hadi mwakani, nilikimbia swali la mtoto wangu mwenyewe. Nimekuwa nikilijibu kichwani tangu hapo. Jibu langu ni refu, kama unavyonijua.

Najua kwa nini uliuliza. Mchungaji wetu aliposema anarudi Dodoma, kanisa zima la Kiswahili liligeuka likakutazama wewe. Umekulia kwenye ukumbi ule. Umesoma theolojia, umewekewa mikono, nyimbo zetu unazijua mpaka zile za Kongo anazotuimbisha Mama Mapendo. Mimi nilikuwa nimeshakuona pale mbele ukihubiri, na mimi kwenye kiti cha kwanza nikitikisa kichwa ili watu wajue umetoka wapi. Ukasimama ukasema umekubali kwenda parokia ya Waingereza, mji mdogo wa pwani ambako bandari imekufa na vijana wamehama. Nami nikasimama nikasema mbele ya wote: "Tumelea mtoto miaka yote hii, Waingereza wamejipatia mchungaji bila jasho."

Watu walicheka. Wewe ulitazama viatu vyako.

Halafu, kana kwamba kusema hakukutosha, nikaandika kwenye jarida letu ukurasa mzima kuhusu vijana wanaomezwa. Sikutaja jina. Kila msomaji alilijua.

Unajua nani alinikamata? Si mchungaji, wala si baba yako, ambaye alinipikia chai tu. Ni jirani yetu Bi Zuhura. Unajua huwa namsomea makala zangu kila wiki, kwa sababu yeye ni Mwislamu, hana upande katika ugomvi wetu, na hana huruma kabisa na sentensi zangu. Nilimsomea ile, tukiwa kwake, yeye anakaanga visheti. Nilipomaliza akageuza visheti, akasema:

"Shoga, hebu nifahamishe. Weye miaka yote watwambia kuhama kwenu ni kazi ya Mungu. Leo mwanao kahama, imekuwa wizi?"

Nikaanza kumweleza tofauti. Akaninyanyulia mwiko. "Sie tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi mtoto, baba kafunga mlango na ufunguo kautia mfukoni. Hapakuwa na mtu wa kutupungia mkono. Wako yuko hapo anakungoja umuage, weye wamwandikia gazeti."

Nilikula visheti vyake vyote kwa hasira. Amekutengenezea vingine vya safari, viko kwenye kopo la bluu.

Sasa nianze mwanzo, kwa mtu ambaye hukumjua ila jina lake unalo katikati ya majina yako.

Mama yake bibi yangu hakutoka kwao kwa hiari. Alichukuliwa akiwa mtoto kutoka upande wa Nyasa, akauzwa, na chombo kilichombeba kikakamatwa baharini na meli za kuzuia utumwa. Akafikishwa Unguja kwa wamisionari, wakamfundisha kusoma na kushona, wakambatiza Agnesi. Alipokua aliolewa na mwalimu, naye mtu wa kukombolewa kama yeye, wakapelekwa bara, Bonde, huko nyuma ya Tanga. Kule alikuwa mgeni kabisa. Hana ukoo, hana shangazi, hana mtu wa kumtetea akigombana na jirani.

Nyumbani kwetu tulikuwa na kitabu cha historia ya kanisa chenye picha ya Mzungu mwenye ndevu amekaa kitini. Nyuma yake wamesimama wanawake, na maandishi ya chini yalisema "pamoja na wasaidizi". Nilipokuwa msichana nilifuta neno "wasaidizi" kwa kalamu ya wino, nikachapwa. Naona ugomvi wangu na wahariri ulianzia hapo. Maana bibi yangu alitusimulia kwamba watu wa kijiji kile hawakuanza kuja kwa sababu ya mahubiri. Walikuja kumtazama mwanamke asiye na ndugu hata mmoja duniani ambaye huimba akitwanga. Walitaka kujua anacho nini.

Mtu asikudanganye, Faraja, kwamba kuuzwa kwake kulikuwa mpango wa mbinguni. Nimesikia hayo yakisemwa na watu wenye kola shingoni na nimewajibu inavyostahili. Aliyemuuza alikuwa mwizi na atabaki mwizi. Ninachosema ni kwamba mwizi hakuachiwa amalize hadithi.

Huyo ni mmoja wa watu wa safari. Wa pili ni mimi.

Nilikuja London kusoma, nikaolewa na baba yako, na viza yangu ikawa inaisha kila wakati kama maziwa ya dukani. Ilikuwa lazima uende Croydon, kwenye jengo lile la uhamiaji, upange foleni nje asubuhi na mapema. Siku moja nimesimama pale na kitabu changu, baridi inanitafuna, nimewakasirikia watu wote wa serikali ya Uingereza mmoja mmoja. Mbele yangu mwanamke mnene mwenye kitenge juu ya koti anaimba taratibu wimbo wa kanisani ninaoujua. Ila maneno yake yalikuwa mengine. Unafikiri nilifanya nini? Nilimsahihisha.

Aligeuka akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Dada, weye imba tu. Kazi ya kusahihisha ni ya wale watu ya kwenye dirisha."

Ndivyo nilivyokutana na Mama Mapendo wa Bukavu. Nikaimba, kwa maneno yangu, yeye kwa yake. Nyuma yetu Mkenya mmoja akashika besi bila kutazama mtu, kama anayejisemea. Mlinzi alikuja kutuambia tupunguze sauti, na alipofika akasahau alichojia, akasimama tu. Kabla ya milango kufunguliwa tulikuwa tumeshapeana namba za simu. Tukaanza kukutana sebuleni kwa Mama Mapendo, mpaka jirani zake wakalalamika, ndipo tukaomba ukumbi wa kanisa la Waingereza hapa Walthamstow, Jumapili mchana wakishaondoka wao. Hilo ndilo kanisa lililokulea. Hakuna kamati iliyotutuma. Kilichotukusanya ni ofisi iliyokuwa inatafuta sababu ya kuturudisha kwetu.

Umenisikia nikigombana kuhusu haya tangu ukiwa tumboni, kwa hiyo nitafupisha. Siku moja kwenye mkutano mchungaji mmoja wa Kiingereza, mtu mwema sana, aliniambia inafurahisha kuona matunda ya umisionari wao yanarudi nyumbani. Nikamwambia mimi si chungwa. Wiki hiyo hiyo nikaenda kwenye kanisa la ndugu zetu Waafrika lenye bango kubwa mlangoni linalosema wametumwa kuikomboa Uingereza. Nikamuuliza mwenye bango, "Ndugu yangu, wewe si ulikuja kusomea uhasibu?" Hajanialika tena. Wa kwanza anafikiri injili ni mali yake iliyokuwa safarini. Wa pili anaona haya kusema alikuja kutafuta riziki, kama vile riziki ni dhambi. Waumini wa kwanza kabisa walifukuzwa mjini kwao wakatawanyika, na huko walikokimbilia wakawa wanazungumza na watu, kwa sababu ukihamia mahali lazima uzungumze na watu. Hapakuwa na bango.

Sawa. Hoja ninayo, na naipenda. Tatizo langu lilikuwa kuifanyia kazi, na hapo ndipo anapoingia Bibi Doroti.

Wewe unamjua kama bibi yako wa Kiingereza, yule wa biskuti za tangawizi. Ila hukuwepo siku nilipokutana naye vizuri. Niliandaa mhadhara. Nilibandika matangazo mpaka kwenye vibanda vya sokoni, katikati ya nyanya na chaja za simu: "Nani Ataihubiria Uingereza?" Nilipanga viti vya kutosha kijiji kizima. Akaja mtu mmoja, Bibi Doroti, kwa sababu yeye ndiye alikuwa na ufunguo wa ukumbi na lazima afunge. Nilimhutubia mwanzo hadi mwisho, na kumbuka hoja yenyewe ilikuwa inamhusu yeye, kwamba kanisa lao limelala. Alifuma sweta muda wote. Nilipomaliza akasema, "Umesema vizuri sana. Una hasira nyingi." Kisha akauliza kama anaweza kuzima hita.

Mlangoni akasimama. "Jumapili iliyopita nilirudi kuchukua mwavuli wangu. Mlikuwa mnacheka sana. Kulikuwa na nini?"

Nikaona haya kumwambia. Ulikuwa mnada.

Unaujua mnada wetu toka utotoni kwa hiyo huenda hujui kwamba niliupinga. Kwetu, mtu asiye na sarafu ya sadaka huleta mayai, au mkungu wa ndizi, au jogoo, na baada ya ibada vinanadiwa nje ya kanisa. Hakuna anayetafuta bei nafuu pale. Watu wanapandisha bei kwa kusudi, kwa utani, na akishanunua mtu huchukua kile kitu akampa mwingine kumheshimu: mgeni, mjane, mchungaji, au yule yule aliyekileta. Mama Mapendo alipouanzisha hapa London mimi niliuita ushamba. Nilisema tuko kwenye mji wa maktaba, tunaonekanaje tukipigania boga? Kwa bahati nzuri hakuna aliyenisikiliza.

Bibi Doroti akaanza kubaki. Alikaa nyuma na sweta lake akimtazama Mama Mapendo akinadi mchicha kama ananadi shamba. Na Jumapili moja akaja na chupa ya jamu ya matunda ya plamu ya bustanini kwake, imefunikwa kitambaa kidogo cha mirabaraba na uzi, akaiweka mezani kati ya mihogo na mayai, akarudi haraka kukaa.

Mama Mapendo aliinyanyua kama kombe. "Hii si jamu ya duka. Hii ni jamu ya mama ya hapa. Nani anasema?" Ukumbi ukalipuka. Mkenya wetu wa besi akapandisha, mchungaji akapandisha, na baba yako, mtu anayezima taa ukienda chooni, akapandisha mpaka wote wakanyamaza. Akaishika ile chupa kwa mikono miwili, akapita katikati ya viti, akapiga goti kidogo mbele ya Bibi Doroti, akamrudishia. Vigelegele mpaka madirisha yakatetemeka. Nakuapia, sijaona mgeni akiheshimiwa vile.

Bibi Doroti alisema, "Aa." Akaipokea, akaitia kwenye kikapu, akainuka akaenda kukagua madirisha.

Tulirudi kwa basi, wewe kando yangu na sare yako ya shule ya Jumapili, unakula chipsi. Ukaniambia kwa Kiingereza, mdomo umejaa, "Mama, mmemrudishia zawadi yake."

Nikakuambia nyamaza, ile ni heshima.

"Yeye hajui."

Nikakuambia ule chipsi zako.

Jumapili iliyofuata ufunguo uliletwa na mtu mwingine. Na iliyofuata. Bibi Doroti ana mafua, wakasema. Bibi Doroti ana wageni. Mimi nikaanza makala kuhusu ubaridi wa Waingereza, makala kali, moja ya makala zangu bora, nasikitika mpaka leo kwamba haikutoka. Baba yako aliisoma akaniuliza swali moja: "Umekwenda kwake?" Sikuwa nimekwenda. Nilikuwa nimeishi mtaa wa tatu kutoka nyumba ya yule mama miaka yote ile, ninaandika kuhusu kuhubiri mataifa, na sijapiga hodi.

Tukaenda mimi na wewe. Hii najua unaikumbuka, lakini acha niisimulie, maana uliiona kwa chini na mimi niliiona kwa juu. Alitufungulia na aproni, akatuingiza jikoni. Na pale juu ya rafu ilikuwa ile chupa, na kitambaa chake, haijafunguliwa.

Kabla sijakaa akasema, "Haikuganda vizuri. Nilijua tangu naimimina. Mngeniambia tu."

Nikaanza kumweleza. Nikaanzia Bonde. Nikaeleza sadaka za mazao, nikaeleza ukarimu wa Kibantu, nilikuwa nakaribia wamisionari ulipoingilia, na viatu vyako havifiki sakafuni: "Walilipa pesa zile zote ili wapate kukupa kitu."

Bibi Doroti akavuta kiti akakaa. Akafunika mdomo kwa mkono, na mabega yakaanza kucheza. "Kwa hiyo mlikuwa mnanipongeza?"

"Ndiyo," nikasema.

"Mnapongeza kwa kelele sana."

Akaifungua, akachoma mkate, akatupakia. Alikuwa amesema kweli, haikuganda. Ilinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Tuliimaliza chupa nzima. Tulipotaka kuondoka akaniomba kama sitajali nimwoshee chupa kabla sijaenda, kwa sababu huwa anazihitaji chupa zake. Na mnada uliofuata akanunua boga la Mama Mapendo kwa bei ya kichaa akamrudishia mwenyewe, kisha akanunua mayai akamrudishia mwenyewe, akaendelea hivyo mpaka Mama Mapendo akalia kwa kucheka, "Bibi Doroti, acha, watu watakula nini?"

Nimesimulia hadithi hii mara nyingi kwenye mimbari na kwenye vikao, na kila mara nimeisimulia vibaya. Huwa naisimulia kama hadithi yangu na Bibi Doroti, namna wageni na wenyeji walivyoelewana. Ni jana usiku tu, siku moja baada ya ile sufuria isiyokuwepo, nilipoona nani alikuwa katikati. Ulijua kwenye basi. Mimi nilihitaji wiki nyingi na mume. Ulisikia vigelegele kama sisi tunavyovisikia, na ulisikia lile "aa" la Bibi Doroti kama wao wanavyolisikia, na hakuna aliyekufundisha hata moja. Mimi nimesoma vitabu vya watu hawa mpaka macho yameharibika na bado sijui "sawa tu" yao ina maana gani. Nilitaka nikuweke kwenye kanisa letu, ambako kila mtu anaelewa vigelegele. Hapo ningekufaidi mimi.

Jana nilikwenda kwa Bibi Doroti kulalamika. Nilidhani angalau yeye atakuwa upande wangu, maana anakupenda. Alikuwa anachagua plamu. Nikamwambia kila kitu, na nililosema mbele ya kanisa, na la kwenye jarida. Akasikiliza. Unajua mwanawe yuko Australia, lakini sikuwahi kumuuliza aliondokaje.

"Nilimwambia hali ya hewa ya kule haitamfaa," akasema.

"Ikamfaa?"

"Imemfaa mno." Akatoa kokwa, akatoa nyingine. "Nilitaka aende. Kazi ilikuwa nzuri. Nilidhani anajua kwamba nataka. Yeye alidhani sitaki, na bado anadhani hivyo, ukisoma barua zake za Krismasi."

Nikamuuliza kwa nini hamwambii. Akaniangalia kama ninavyoangaliwa na Bi Zuhura. "Sasa ni mzee, ana mvi. Wako anaondoka Jumapili."

Basi Faraja, jibu lako. Huendi kwa sababu nimekutuma, maana ulishakubali kabla sijafungua mdomo, na nilipoufungua unajua nilisema nini. Agnesi hakuna mama aliyepata nafasi ya kumtuma. Mimi mama yangu alinisindikiza akiamini nitarudi baada ya diploma. Bi Zuhura alifungiwa mlango nyuma yake. Katika watu wote hawa wa safari, wewe ni wa kwanza kuuliza, na mimi ni wa kwanza kuulizwa. Ningekuwa mjinga kuliko wahariri wangu wote kama ningeiacha nafasi hiyo ipite.

Nakutuma. Nakutuma kwa hiari yangu, kwa furaha, na kwa wivu kidogo.

Vijana wa mji ule wamehamia huku kwetu. Nawaona kwenye treni za asubuhi wamechoka kama tulivyochoka sisi. Wazazi wao wamebaki kule. Nenda ukakae nao. Usiwahutubie kuhusu kulala kwao, hilo nimeshalijaribu, na hata hita nilizimiwa. Utaharibu mambo, hasa mwanzoni. Mtu ataacha kuja na hutajua kwa nini. Mimi ningeandika makala. Wewe piga hodi.

Na kwa kuwa nilikuaibisha mbele ya watu, haitoshi nikuambie jikoni. Kesho ni mnada. Bibi Doroti analeta jamu, na ameniapia kwamba hii imeganda, na leo asubuhi ameinamisha chupa nikaona kwa macho yangu. Itakapofika mezani nitapandisha bei. Baba yako atanipinga, tumeshapanga, na Mama Mapendo ameahidi kutotuhurumia. Nitapandisha mpaka wote waliocheka nami siku ile waanze kuulizana kama nina akili timamu. Kisha nitaichukua kwa mikono miwili na kuja nayo ulipo, nami nitapiga goti, na magoti yangu unayajua. Usitazame viatu vyako. Ipokee, uitie kwenye gari, mle na watu wa huko wiki ya kwanza, kabla hamjazoeana.

Nawasikia mko mlangoni. Baba yako anabishana na wewe kuhusu idadi ya vitunguu. Nina jambo moja tu la kuongeza, nalo si langu. Bibi Doroti anasema jamu ni yako kabisa, lakini chupa huwa anazihitaji, kwa hiyo uioshe na uirudishe mwenyewe, si kwa posta.

Mama yako, anayekutuma